Kibali cha muda cha kontena la kuhifadhia mizigo kwenye kiwanja cha biashara: mwongozo kamili

Kontena likiwa juu ya lori ni mzigo wa msafirishaji. Likishatua kwenye kiwanja chako ni suala la mipango ya ardhi, hata kama halina msingi, halina umeme, na ndani mna viti vibovu na maboksi matupu tu. Watu wengi hulijua hilo wamechelewa: kontena limeshushwa Jumamosi, Jumanne kuna karatasi imebandikwa mlangoni.

Nimeandaa maombi ya namna hii mara kadhaa, mengine yangu, mengine ya wapangaji wenzangu, na nimegundua kwamba afisa mipango haogopi kontena. Anaogopa kontena lisiloondoka. Ameshayaona: yale yaliyoombewa miezi mitatu, leo yameota kutu, yametobolewa madirisha, na mtu anafanyia biashara humo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu mgeni wako wa chuma hashiki jembe. Kwa hiyo swali linalokaa kichwani mwa afisa tangu ukurasa wa kwanza ni hili: linaondoka lini, na nani atalitoa? Andaa ombi lako kuanzia hapo, urudi nyuma.

Hatua ya 1: Jua kiwanja chako kinahesabiwa kuwa nini

Neno "biashara" kwenye leseni yako halitoshi. Maeneo ya biashara yana madaraja yake. Kwenye eneo la maghala, kontena linaweza kukubaliwa bila maneno mengi. Kwenye maduka yanayotazamana na nyumba za watu, huenda limekatazwa kabisa, au linaruhusiwa wakati wa ujenzi tu.

Nenda ofisi ya mipango na namba ya kiwanja, uulize mambo manne:

– Kiwanja hiki kiko kwenye ukanda gani wa matumizi?
– Kontena la kuhifadhia mizigo linahesabiwa kuwa nini: jengo la nyongeza, jengo la muda, au matumizi ya muda ya ardhi?
– Muda mrefu kabisa unaoruhusiwa ni siku ngapi, na unaongezwa mara ngapi?
– Anayeamua ni afisa mezani kwake, au ni kikao cha kamati?

Andika majibu papo hapo, pamoja na tarehe na cheo cha aliyekujibu, kisha uyathibitishe kwa barua pepe fupi. Maneno ya kaunta husahaulika, na anayekusaidia leo anaweza kuwa likizoni ombi lako likifika.

Swali la pili ndilo linalobeba mengine yote. Likihesabiwa kuwa jengo, utaingia kwenye kanuni za majengo: umbali wa kuachwa kutoka mpakani, uimara wake kwenye upepo, pengine mkaguzi wa ujenzi. Likihesabiwa kuwa matumizi ya muda, mazungumzo yanahamia kwenye tarehe na mahali, na hapo kazi ni nyepesi zaidi. Ndiyo maana usimwage zege chini yake, usilichomelee kwenye ukuta wala usilivutie umeme. Kila kitu cha kudumu unachokiongeza kinalisogeza kontena kutoka kuwa kifaa kinachohamishika hadi kuwa jengo.

Ukiwa hapo hapo, omba kuona jalada la kiwanja, yaani michoro iliyoidhinishwa wakati jengo lenyewe linajengwa. Humo ndimo utakapokuta mambo yasiyoonekana kwa macho: idadi ya nafasi za maegesho zilizoamriwa, ukanda wa miti ulioachwa upande wa majirani, njia ya zimamoto. Kona inayoonekana haina kazi mara nyingi ina kazi kwenye karatasi.

Hatua ya 2: Omba kibali kinachofaa

Kwa kawaida njia ni tatu. Ya kwanza ni kibali cha muda kinachotolewa na afisa, ambacho ndicho unachokitafuta. Ya pili ni kibali chenye masharti kinachopitia kwenye kikao, huku majirani wakiarifiwa. Hiki hutumika pale ambapo matumizi yenyewe yanazua maswali. Ya tatu ni kusamehewa kanuni fulani, kwa mfano umbali kutoka mpakani. Hii ya tatu usiikimbilie. Kwa kawaida msamaha ni kwa ajili ya ardhi yenye shida, kama kiwanja chenye umbo la pembe au mteremko mkali. "Stoo yangu imejaa" ni shida yako wewe, ardhi haina kosa.

Kama kontena ni la wakati wa ukarabati, uliza kwanza kama kibali cha ujenzi kinalibeba. Sehemu nyingi huruhusu kontena la vifaa kukaa muda wote ambao kibali cha ujenzi kiko hai, na wewe utakuwa umeepuka fomu nzima. Shida yake ni kwamba ujenzi ukisimama na kibali kikafa, uhalali wa kontena hufa siku hiyo hiyo.

Hatua ya 3: Sahihi ya mwenye kiwanja

Mpangaji hana uwezo wa kuomba peke yake. Ofisi itataka ridhaa ya maandishi ya mmiliki, na mkataba wako wa pango unaweza kuwa unakataza kuweka chochote nje ya kuta za duka. Pata barua inayotaja kontena, mahali litakapokaa na tarehe zake. "Namruhusu mpangaji wangu" pekee yake huwa inarudishwa. Kama maegesho ni ya wapangaji wote, mmiliki aseme wazi kwamba nafasi ulizozichukua hazijaahidiwa mtu mwingine.

Hatua ya 4: Chagua mahali, na upime kwa futi kamba

Hapa ndipo maombi mengi yanapoangukia, kwa hiyo tukae kidogo.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19, upana ni ule ule. Yale marefu kwenda juu hufika mita 2.90. Sasa chukua nafasi ya kawaida ya kuegesha gari, tuseme mita 2.5 kwa mita 5. Ukiliingiza la futi 20 kwa urefu, linachomoza zaidi ya mita moja kwenye njia ya magari. Ukililaza kwa ubavu, linakula nafasi tatu, maana mita 6.06 haziingii kwenye mbili. La futi 40 linakula tano. Rudi kwenye jalada: kama jengo liliidhinishwa kwa nafasi 24 na zipo 24 kamili, kila unayoichukua ni upungufu ambao lazima uueleze. Kama zipo 27, mwambie afisa hivyo kabla hajauliza.

Usisahau milango. Nilipochora ombi langu la kwanza niliweka mstatili safi nyuma ya jengo, nikaona nimemaliza. Ofisa wa zimamoto aliutazama kama dakika moja, akaweka kidole kwenye ncha ya mstatili, akauliza, "Milango inafungukia wapi?" Sikuwa na jibu. Kila ubao wa mlango una upana wa mita 1.2 hivi, na hufunguka nje ukazunguka mpaka ulale ubavuni mwa kontena. Mchoro wangu ulikuwa unafungua milango yote miwili katikati ya njia ya gari la zimamoto. Ombi lilirudi, nikapoteza wiki tatu kwa kitu ambacho kuligeuza kontena upande wa pili kungekimaliza. Tangu siku hiyo huchora milango ikiwa wazi, na mtu amesimama mbele yake na toroli.

Mahali pa kukwepa kabisa ni hapa:

– Njia ya zimamoto, mbele ya bomba la kuzimia moto, na mbele ya mlango wa dharura wa jengo lolote, hata la jirani.
– Pembe ya kuonea kwenye geti, pale dereva anayetoka anapohitaji kumwona anayetembea kwa miguu.
– Juu ya chemba za maji taka, mita, na njia za nyaya au mabomba yaliyofukiwa. Shirika lenye bomba linaweza kudai uliondoe siku yoyote, kibali au bila kibali.
– Njia ya maji ya mvua. Magogo ya kuliinulia kontena yakiwekwa kukatisha mkondo, mvua ya kwanza itapeleka maji dukani kwa mwenzako.
– Nafasi za maegesho za watu wenye ulemavu na njia zao za kupita. Hizi hazijadiliwi.

Mahali pazuri kwa kawaida ni nyuma ya jengo, mbali na barabara na mbali na madirisha ya watu. Kumbuka lakini kwamba uzio wa mita 1.8 haulifichi kontena la mita 2.59, karibu sentimita 80 za chuma zitaonekana juu yake. Sema ukweli huo kwenye ombi, na useme utafanya nini: kulipaka rangi ya ukuta, au kulisogeza hadi jengo lilifunike.

Kisha uliza swali la dereva: lori litalishushaje? Gari lenye kitanda kinachoinamishwa linahitaji kama mita 18 za kunyooka kwa la futi 20, na kama mita 30 kwa la futi 40, kwa sababu lazima lisogee mbele huku kontena likiteleza kwenda chini. Kitanda kikiinuka, ncha ya mbele inaweza kupanda mita 6 hivi, kwa hiyo angalia nyaya na mapaa. Mwite msafirishaji aje apaone kabla hujapeleka ombi. Mahali ambapo lori haliingii kushusha, haliingii kuchukua pia, hasa ukiwa umeshaegesha magari na mizigo mbele yake.

Uzito nao. Tupu, la futi 20 lina tani 2.2 hadi 2.4 hivi, na la futi 40 karibu tani 4. Likijaa linaweza kuzidi tani 20, na uzito wote huo unakaa kwenye pembe nne, kila moja ikiwa na kikanyagio cha sentimita 18 kwa 16 hivi. Lami ikipata joto hubonyea. Weka mbao nene au mataruma ya reli chini ya pembe, yanatosha, na yanaondoka pamoja na kontena.

Hatua ya 5: Mchoro

Huhitaji msanifu kwa kontena moja, isipokuwa ofisi yako imesema hivyo. Unahitaji mchoro wenye vipimo vya kweli. Chukua nakala ya mchoro ulioidhinishwa kutoka kwenye jalada, uchore juu yake. Kwa kipimo cha 1:200, kontena la futi 20 ni mstatili wa sentimita 3 kwa 1.2, likate kwenye karatasi ya rangi ulisogeze-sogeze mpaka likae.

Onyesha mipaka ya kiwanja, majengo, mageti, upande wa kaskazini, nafasi za maegesho zikiwa na namba, njia ya zimamoto, mabomba na chemba, na umbali wa kontena kutoka kila mpaka na kutoka jengo la karibu. Onyesha milango ikiwa wazi. Onyesha pia njia ya lori la kuingia, na njia hiyo hiyo uiite "njia ya kuliondoa". Maneno matatu tu kwenye mchoro, lakini ndiyo yanayomwambia afisa kwamba umeshaiwaza siku ya mwisho.

Ambatanisha picha nne za mahali palipo sasa, kutoka pande nne, na picha moja kutoka barabarani. Zitakufaa tena mwishoni.

Hatua ya 6: Barua

Fomu ina visanduku vidogo, kwa hiyo barua ndiyo inayobeba hoja. Ukurasa mmoja. Isianze na historia ya kampuni. Mimi huandika hivi:

"Naomba kibali cha muda cha kuweka kontena moja la futi 20 nyuma ya jengo, mahali palipoonyeshwa kwenye mchoro, kwa siku 120. Kontena litahifadhi rafu na bidhaa kavu za duka wakati sakafu ya stoo inabadilishwa. Mkataba wa ukarabati umeambatanishwa na unaonyesha tarehe ya kukabidhi kazi. Kontena litaondolewa ndani ya siku 14 baada ya tarehe hiyo, na kwa vyovyote kabla siku 120 hazijaisha. Mkataba wa kukodi, unaotaja siku ya kuchukuliwa, umeambatanishwa. Litachukua nafasi tatu za maegesho. Kiwanja kitabaki na 24, ambazo ndizo zinazotakiwa. Halitawekwa mafuta, gesi wala kemikali. Halitaunganishwa umeme wala maji, na hakuna mtu atakayefanya kazi wala kulala ndani."

Angalia jinsi kuondoka kulivyofungwa kwenye jambo linaloonekana, yaani kumalizika kwa ukarabati, na kwenye hati ya mtu mwingine, yaani mkataba wa kukodi. "Tutaliondoa kazi ikiisha" ni ahadi ambayo hakuna anayeweza kuidai. Jambo linalokubalika linaweza kuwa ukarabati, msimu wa mzigo mwingi, kuhama, au stoo iliyoharibiwa na moto au mafuriko. "Tunahitaji nafasi zaidi" halina mwisho, na afisa atakwambia upange stoo kubwa.

Hakikisha tarehe za mikataba zinakwenda pamoja. Nimeona mtu akiomba miezi sita huku mkataba wa kukodi alioambatanisha mwenyewe unasema miezi kumi na mbili. Afisa husoma viambatanisho, tena kwa makini kuliko barua.

Peleka pia nakala ya bima, barua ya mmiliki, na risiti ya ada. Kwa kontena la kukodi, ongeza namba yake ikishajulikana: herufi nne na tarakimu saba zilizoandikwa ubavuni. Namba hiyo inamsaidia mkaguzi kujua kwamba lililopo ndilo lililoombewa.

Hatua ya 7: Majirani, kikao na kusubiri

Hata pale sheria isipokulazimisha, wapitie majirani wanaopakana nawe na ule mchoro mkononi kabla tangazo halijawafikia. Pingamizi nyingi ni za mshtuko. Jirani aliyeoneshwa kwamba milango haitafunguliwa kabla ya saa 2 asubuhi huwa hana la kusema. Anayeletewa barua rasmi yenye neno "kontena" huanza kuwaza bandari.

Ombi likienda kwenye kikao, nenda mwenyewe. Ongea dakika mbili: mahali, muda, kuondolewa. Wakikuuliza kama siku 90 zingekutosha, uwe umeshapiga hesabu. Kukubali 90 zenye nafasi ya kuongezewa kwa kawaida ni bora kuliko kung'ang'ania 120 ukakosa zote.

Usilipie kontena lisiloweza kughairiwa kabla kibali hakijatoka. Najua wauzaji husema zimebaki mbili tu.

Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi na uangalie siku za kukata rufaa, ambazo huhesabiwa tangu tarehe ya uamuzi au ya barua na huisha haraka. Lakini kama sababu ni mahali, ombi jipya lenye mchoro mpya mara nyingi hutoka mapema kuliko rufaa.

Na kama kontena tayari limekaa bila kibali? Usisubiri notisi. Kama notisi imeshafika, soma tarehe ya mwisho, iandikie ofisi kabla ya tarehe hiyo ukisema unaomba kibali au unaondoa, na utaje siku. Faini za aina hii sehemu nyingi huhesabiwa kwa siku, na kunyamaza ndiko kunakozipandisha. Kubishana na mkaguzi aliyekuja kiwanjani hakusaidii, yeye siye anayetoa kibali.

Hatua ya 8: Kibali kikitoka

Soma masharti yote siku unayokipokea. Kwa kawaida utakuta hayapungui haya: kontena moja, hakuna kupandanisha, hakuna matangazo ubavuni, mahali pale pale palipochorwa, hakuna vitu vinavyolipuka au kushika moto kwa urahisi. Sharti la mahali lichukulie kwa uzito. Dereva akikwambia "hapa pembeni kidogo ndipo rahisi", mita mbili hizo zinaweza kukutoa nje ya kibali. Kuwa hapo lori linaposhusha, na mahali pawe pameshawekewa alama za chaki kwenye lami.

Likishatua, piga picha likiwa na namba yake, bandika nakala ya kibali ndani ya mlango wa duka, na uandike tarehe mbili kwenye kalenda: siku ya kumpigia msafirishaji, ambayo iwe angalau wiki tatu kabla ya kuisha, na siku ya mwisho ya kuomba nyongeza. Ombi la nyongeza liingie kibali kikiwa bado hai. Kilichokufa hakiongezwi, kinaombwa upya, na safari hii ukiwa umekaa kinyume cha sheria. Kwenye nyongeza eleza kilichochelewa na uthibitisho wake, kama barua ya mkandarasi, na utoe tarehe moja mpya.

Neno la pembeni kuhusu mizigo yenyewe: chuma hutoa jasho usiku, matone yakadondoka toka darini. Weka maboksi juu ya palati, acha nafasi ya kiganja kutoka ukutani, usizibe vitundu vya hewa.

Siku ya kuliondoa, hakikisha njia ya lori iko wazi, ondoa mbao zilizokuwa chini ya pembe, ziba mashimo kwenye lami na urudishe mistari ya maegesho iliyofutika. Simama pale pale ulipopigia zile picha za mwanzo, upige nyingine. Zipeleke ofisini zote pamoja na hati ya msafirishaji ya kuchukua kontena, uombe barua ya kufunga jalada. Kama uliweka amana, idai kwa barua hiyo hiyo.